Asumini za Kukaushia Maziwa

Nilimjua miaka mingi na mpaka leo sijui alizaliwa mtaa gani. Wala sikuwahi kumuuliza. Kwangu alikuwa Somo, na hilo lilitosha. Yeye ndiye aliyenikalisha mkekani nilipovunja ungo, akaniambia mambo ambayo mama mzazi huona haya kuyasema, na yeye ndiye aliyeniingiza ndani siku ya harusi yangu. Pale Sokomuhogo, mjini Unguja, tulikuwa wengi tuliomwita hivyo. Tukikutana kwenye foleni ya mchele tulijuana kwa tulivyofunga kanga: kifundo kulia, kimechopekwa ndani, kwa sababu Somo alitufundisha kwamba kifundo kinachoning'inia ni cha mwanamke mwenye haraka, na mwenye haraka hamalizi jambo.

Alikuwa mfupi, mwenye meno mekundu kwa tambuu na mikono midogo kama ya mtoto wa chuo cha Kurani. Ulimi wake haukuwa mdogo. Ukimwamkia "Shikamoo Somo" ukiwa umechelewa, aliitikia "Marahaba ya jana," kisha akakuacha umesimama.

Uwani kwake palikuwa na mwasumini mmoja, uliopanda ukuta wa bafu mpaka ukavuka upande wa pili. Si kitu cha ajabu. Mjini kwetu kila mwenye udongo wa kujaza debe alikuwa na asumini yake, akachuma maua ya kutungia kikuba cha kuvaa kifuani, ya kuvaa nyweleni, ya kutandaza kitandani. Kwa Somo hiyo yote ilikuwa michezo. Kwake mti ule ulikuwa duka la dawa, na yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo.

Mtoto akiamka na macho mekundu yaliyogandana, Somo alitia konzi ya asumini katika bakuli la maji, akalifunika kwa kitambaa cheupe, likalala hivyo mpaka alfajiri, ndipo akamwosha. Mwenye vidonda vya mdomo alipewa majani atafune, na Somo alisimama mbele yake mpaka ayameze maji yake, maana yalikuwa machungu na watu walikuwa wakiyatema akigeuka. Asiyepata usingizi alipakwa utosini mafuta ya uto yaliyokaa na maua siku saba. Miaka ile wasiopata usingizi walikuwa wengi, na chupa ile haikuwahi kujaa.

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja kwa mtu: asumini ya dawa huchumwa alasiri, ingali imefumba. "Ikishafunguka," alisema, "dawa ishatoka. Inayobaki ni harufu ya kuwafurahisha waume zenu." Basi baada ya sala ya alasiri ungemkuta uwani na ungo wake, anapapasa majani kwa ncha za vidole, anachagua tumba baada ya tumba, na ole wako umsemeshe.

Tuseme na upande wake wa pili, nisije nikamfanya walii. Alikuwa akiisema vibaya hospitali mbele ya watu, kisha siku moja nikamkuta nyuma ya pazia anameza vidonge viwili vyeupe. Hakushtuka hata kidogo. "Kichwa changu kikaidi," aliniambia, "hakisikii maua." Dawa aliitoa bure, hakupokea hata nazi, lakini ukitaka kuazima kwake mbuzi ya kukunia hiyo nazi angekupa sababu saba za kukunyima. Alitufundisha kwamba mwenye kumdanganya mgonjwa ni muuaji, tena akatuapisha. Yeye mwenyewe kwa kuwadanganya wasiokuwa wagonjwa alikuwa bingwa.

Hapo yafaa nieleze kazi yake kubwa, ile ambayo wanaume hawakuijua. Asumini iliyofumba ikitandazwa mbichi juu ya matiti, ikafungwa kwa kitambaa na kubadilishwa asubuhi na jioni, hukausha maziwa. Siku tatu, nne, mwanamke amepoa. Somo aliwafanyia waliofiwa na vichanga, ambao maziwa yao hayana pa kwenda, na waliokuwa wakiwaachisha watoto ziwa. Kwa sababu hiyo ilikuwa haramu kwa mwanamke anyonyeshaye kuvaa kikuba mbele yake. Mimi nilisahau. Binti yangu alikuwa na miezi miwili, nikenda harusini Kiponda nimejipamba, kikuba kimetulia kifuani, nanukia mpaka mlangoni. Somo aliwavuka wanawake wote waliokaa, akatia mkono ndani ya gauni langu bila ya kuniomba radhi, akakitoa kikuba na kukitupa dirishani.

"Unataka mwanao ale nini? Ngoma?" aliniuliza, na ukumbi mzima ukasikia.

Nililia kwa hasira siku ile. Harusi zilikuwa chache wakati huo na ile nilikuwa nimeingoja mwezi mzima.

Baada ya Mapinduzi, katika nyumba yake aliachiwa chini tu. Juu wakawekwa watu wengine. Bwana mmoja wa ghorofani alikuwa mjumbe wa kamati ya tawi, na alikuwa na desturi ya kusimama ngazini kuhesabu nani anaingia na nani anatoka. Watoto wawili wa kiume wa Somo walikuwa wameshakwenda Arabuni, na binti yake alikuwa Dar es Salaam. Kusafiri kulitaka karatasi, na karatasi hazikutoka. Somo aliomba mara tatu. Mara ya tatu alirudi, akavua buibui, akakaa kizingitini.

"Sote tumo tunduni," alisema. "Kuku ndiye mwenye nafuu, yeye hupewa mtama."

Tulicheka kwa kuwa siku ile mchele ulikuwa umekwisha kabla foleni haijafika nusu. Lakini tangu hapo hakukanyaga tena pwani ya Forodhani. Kutoka kwake ni mwendo mfupi tu, hata mgonjwa angefika, na zamani alikuwa akipenda kwenda kupunga upepo. Nilimwuliza kwa nini. Akasema hataki kuitazama njia isiyokuwa yake. Mlango wa njiani akawa anautia komeo mapema, kisha anarudi kulitikisa, kisha anarudi tena. Sote tulikuwa na mambo kama hayo. Mimi nilianza kusema kwa sauti ndogo hata nikiwa peke yangu jikoni, na nilipojigundua nikaona aibu, lakini sikuacha.

Taratibu Somo akaja kujua jambo la hatari. Wanawake waliokuwa wakiondoka kwa njia za siri hawakuweza kuchukua watoto wa ziwa, maana mtoto hulia. Waliwaacha kwa bibi zao, na kabla ya kuondoka walikuja uwani kwake. Yeye hakuuliza neno. Mwenye mtoto mzima, mwenye afya, wa miezi sita au saba, anapotaka kukaushwa maziwa, huyo anaondoka. Somo aliyajua majina yao kabla ya waume zao waliokuwa wakiwangoja ng'ambo ya bahari.

Bwana wa ghorofani naye alikuwa na akili. Siku moja alimsimamisha ngazini, mimi nipo.

"Bi mkubwa, wageni wako wengi siku hizi."

"Wengi, mwanangu. Mkeo ndo wa kwanza, kaja juzi."

"Kaja kwa lipi?"

"Kamuulize yeye. Mambo ya wanawake mie siyasemi na mwanamme ngazini."

Bwana yule akapanda juu. Mkewe alikuwa kweli amekuja, titi limemvimba, na Somo alimtibu vizuri kama alivyomtibu kila mtu. "Mficha uchi hazai," ndivyo alivyokuwa akituambia tukiona haya kufungua kifua mbele yake, na wake za wakubwa na wake za waliofungwa wote walifungua.

Mume wangu alikuwa karani. Alipata ruhusa ya kwenda Mombasa kutibiwa macho, akaenda, hakurudi. Mtoto wetu alikuwa na miezi mitano. Walioitwa kuulizwa tulikuwa mimi na mama yangu, na baada ya hapo kila nilipotoka palikuwa na mtu aliyesimama mahali. Mama alikuwa akikaa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, na nikienda kwake nilifuatwa mpaka pale daraja lilipokuwa zamani, kisha mwengine akanipokea. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilikuwa nikilala nikihesabu boriti za dari, na sikujua kama nitakufa nikizihesabu.

Miezi miwili baadaye ukanijia ujumbe. Pana chombo Mkokotoni, kinachukua watu wachache, siku ya kumi kuanzia leo. Mtoto mchanga hachukuliwi. Nahodha aliwahi kubeba mmoja, akalia karibu na doria, na kidogo wapotee wote. Nimwache kwa mama, mume wangu ataomba aletewe kwa njia ya halali, mtoto hawamnyimi karatasi. Ndivyo nilivyoambiwa, na nilitaka sana kuamini.

Nilikwenda kwa Somo. Nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo. Sikusema naondoka. Nilisema tu nataka kumwachisha mtoto ziwa.

Mikono yake ilisita juu ya ungo.

"Ana miezi saba," alisema.

"Naam."

"Na mgonjwa si mgonjwa."

"Si mgonjwa, Somo."

Alichambua mpaka akamaliza. Mimi nilikaa nikimtazama. Kisha akasema, "Njoo kesho, ukae kwangu siku nne. Mtoto umpeleke kwa bibi yake, usimsikie akilia. Na usende na maziwa safari yoyote, mwari wangu. Yatakupanda kichwani, utatiwa wazimu katikati ya njia." Ni yeye aliyelitaja neno safari, si mimi.

Nilimpeleka mtoto kwa mama. Sitaandika nilivyomwacha. Nilirudi kwa Somo nimejifunika uso mzima, na kwa mara ya kwanza nilifurahi kuwa buibui lipo.

Alinifunga asubuhi na jioni. Alinitaka nifumbe macho nisome Alhamdu mpaka amalize, nami nikafumba. Nilihisi maua yananigusa, laini, ya baridi, kisha kitambaa kinakaza mpaka pumzi inakuwa fupi. Harufu niliiona hafifu, nikasema labda nina mafua kwa kulia. Halafu alinipikia uji. Uji wa mchele wenye pilipili manga na samli, mzito, moto, ule ule anaopewa mzazi. Mimi niliunywa arubaini nzima nilipojifungua, na hakuna mwanamke wa Unguja asiyejua uji ule unaleta nini. Niliunywa. "Wa kukupa nguvu," alisema, na nikaona kweli nahitaji nguvu. Angeniambia ninywe maji ya bahari ningekunywa, alikuwa Somo.

Siku ya tatu asubuhi mtoto wa jirani alilia dirishani, na kitambaa changu kikarowa chote mpaka gauni. Siku ya nne nikawa na homa, matiti mawe. Somo alinikanda kwa maji moto, akanifungua, akasema, "Hayajakubali." Aliongeza siku mbili. Hayakukubali. Siku ya saba nilishindwa kukaa. Nilivaa buibui nikatoka, nikavuka mpaka Ng'ambo mbio mbio na yule mtu ananifuata bila ya hata kujificha, nikamchukua mwanangu kwa mama, nikamtia titini mlangoni pale pale. Alininyonya huku ananitazama kwa hasira.

Chombo kiliondoka bila yangu. Muda mfupi baadaye aliyekuwa akipanga safari zile alichukuliwa, na njia ya Mkokotoni ikafa. Hapakuwa na nyengine niliyoijua.

Miaka iliyofuata niliishi na hadithi moja. Mwili wangu ulikataa. Akili yangu ilikwisha kumwacha mtoto, lakini mwili, mwili wa mama, ulikataa kukauka. Nilimwambia mama hivyo, nikawaambia rafiki zangu wawili niliowaamini, na nilijiambia mwenyewe kila nilipoziona boriti zile zile za dari. Mume wangu aliandika, nami nikamjibu kwa maneno ya kawaida, kwa kuwa barua zilifunguliwa. Sikuwa na kitu kingine cha kujivunia katika nyumba ile. Hicho nilikuwa nacho.

Kwa Somo niliendelea kwenda. Macho yake yalikuwa yanaanza kuingia ukungu, na maji yake mwenyewe ya asumini hayakumsaidia, ingawa aliyatumia kila alfajiri na kutulazimisha tuseme tunaona nafuu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimchumia maua. Binti yangu alikua akicheza uwani pale, akamzoea, akamwita Bibi. Wanawake wengine aliowafunda walikuwa wameshatawanyika, mmoja mmoja, na majina yao hayatajwi tena. Nilimwona Somo akihesabu kwa vidole, halafu anakunja ngumi haraka nikitazama.

Mambo yalikuja kulegea kidogo mwanzoni mwa miaka ya sabini. Niliomba karatasi tena bila ya matumaini, na safari hii ikatoka, yangu na ya mtoto, kwenda Mombasa. Niliishika nikaisoma nimesimama barabarani, nikaisoma tena. Nilikuwa na siku mbili.

Alasiri ya siku ya mwisho nilikwenda kumuaga. Alikuwa amekaa kwenye mkeka uwani, peke yake, ungo mtupu magotini. Nilimwambia. Hakusema mashaallah, hakusema hongera. Alimwambia mtoto akacheze mbele, kisha akanitaka nikae karibu.

"Nina neno lako," alisema. "Lina miaka sasa."

"Sema, Somo."

"Nlikufunga maua ya jana. Yaliyokwisha kufunguka. Siku zote zile."

Mwanzo sikuelewa. Halafu nikaukumbuka uji, ule wa kuleta maziwa. Sauti iliyonitoka sikuijua.

"Sema ulimwonea huruma mtoto."

"Mtoto sikumfikiria."

"Sema uliniogopea mimi, chombo kingezama."

"Chombo kilifika salama. Nawe ungefika." Alikuwa ananitazama upande, pale alipodhani uso wangu upo. "Wanangu washakwenda. Wari wangu wote nimewafunga kwa mikono yangu hii, mmoja mmoja, wakenda. Ulikuwa wa mwisho. Nliogopa kubaki peke yangu, basi. Hapana jengine."

Ningeweza kumpiga. Nasema kweli, mkono ulinijia. Nilifikiri miaka yote ile, mtu aliyesimama mahali, boriti za dari, mume anayeandika barua zinazosomwa kwanza na watu wengine. Nilifikiri mwili wangu niliousifu, kumbe haukukataa kitu, ulifanya tu kile unachofanya mwili ukinyweshwa uji. Ameninyang'anya safari, na sasa siku ya kuondoka ananinyang'anya na lile dogo nililobaki nalo. Na mtoto wangu alikuwa anaimba mbele pale, mzima, meno ya mbele yameng'oka, hajui kama aliwahi kuachwa siku saba. Ningeondoka safari ile pengine asingenijua. Hilo nalo nililifikiri, likanizidishia hasira, kwa sababu mwanamke huyu hakulifanya kwa ajili hiyo na mimi sikuwa na nia ya kumvisha sifa asiyoitaka mwenyewe.

"Unataka nikusamehe," nilisema.

"Hapana. Usinisamehe hapa. Hapa mtu husamehe kwa kuwa hana pa kwenda, atakutana nawe kesho kwenye foleni. Nenda. Ukishafika huko, una mlango wako na huna haja na mimi, ndo unisamehe, ukiweza."

"Na nisipoweza?"

"Basi. Mie siendi popote."

Nikasimama. Alinyoosha mkono, ule mkono mdogo, ukangoja hewani upande usiokuwa wangu. Sikuushika. Nilimwita mtoto, nikavuta komeo la mlango wa njiani, nikatoka.

Tulifika Mombasa Alkhamisi. Ijumaa asubuhi, kabla ya chai, nilikuwa nimeshamsamehe, na kwa kuwa barua zilifunguliwa sikuwa na njia ya kumwambia.